Mvinyo wa bure wa Rufiji

Leo tuzungumze juu ya mvinyo. Najua wapo watakaouliza, mvinyo na Rufiji wapi na wapi? Rufiji na Kibiti tunazijua kwa mpunga, kamba, korosho, mikoko na mamba. Mtanzania akisikia mvinyo anafikiria Dodoma. Lakini zabibu za Dodoma ni za juzi tu, zilikuja na wamisionari Wakatoliki katika karne iliyopita. Kwenye maandishi, mvinyo umetajwa katika historia ya pwani yetu tangu karne ya kwanza baada ya Kristo. Na kama baadhi ya wanaakiolojia wetu wako sahihi, bandari kubwa kuliko zote katika habari hiyo ilikuwa hapa hapa, delta ya Rufiji.

Habari hii niliifikia kwa mlango wa uani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisikiliza podikasti za mvinyo. Ninayoipenda zaidi ni ya Levi Dalton wa New York, inaitwa I'll Drink to That!, aliyoianzisha mwaka 2012. Dalton mwenyewe kazi yake ilikuwa kuwachagulia wateja mvinyo kwenye migahawa kabla ya kushika maikrofoni. Anakaa na mtengenezaji mvinyo mmoja saa nzima, saa mbili, wakati mwingine zaidi, na anauliza yale ambayo sisi waandishi wa habari tumezoea kuyaruka. Nani alikufundisha kazi? Baba yako alikuwa anafanyaje? Mwaka ule mvua ilipokuja wakati wa mavuno mlifanya nini? Mtu anaanza kwa kujibu kama anavyojibu kila mwandishi. Ikifika dakika ya arobaini anasahau kwamba anahojiwa, na hapo ndipo unapoanza kujifunza.

Mimi si mtaalamu wa mvinyo na sikuwa na nia ya kuwa mmoja. Nilianza kusikiliza kwa ajili ya maswali, nikajikuta nimeshika na majibu. Jambo moja wanalolirudia karibu wote ni kwamba kuchachusha zabibu siyo kazi ngumu. Zabibu zina sukari, hamira ya asili iko kwenye maganda na hewani, ukizikamua ukaziacha zitachacha zenyewe. Kazi ngumu ni kuuzuia mvinyo usigeuke siki. Maadui zake wakubwa ni wawili, joto na hewa. Mapipa, handaki la baridi, kizibo, chupa, vyote hivyo kwa sehemu kubwa ni vita dhidi ya maadui hao wawili.

Sasa shika hilo la joto na hewa, halafu twende Rhapta.

Kuna kitabu kidogo cha Kigiriki kinachoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwandishi wake hajulikani jina, ila ni wazi alikuwa mfanyabiashara wa Misri, wakati ule Misri ikiwa chini ya Warumi. Wasomi wengi wanakubaliana kwamba aliandika katikati ya karne ya kwanza. Siyo kitabu cha hadithi. Ni mwongozo wa wafanyabiashara: bandari hii inanunua nini, inauza nini, pepo zinavuma lini, nani mtawala. Pwani yetu anaiita Azania, na soko la mwisho kabisa la Azania ni mji unaoitwa Rhapta. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu mashua za huko zilikuwa zimeshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Anayeijua mitepe ya Lamu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Rhapta ilikuwa wapi? Wataalamu bado wanabishana. Ptolemy, aliyeandika karne ya pili, aliuweka mji huo karibu na mto, siyo baharini kabisa. Wako waliosema ni Pangani, wako waliosema ni karibu na Dar es Salaam. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesimamia delta ya Rufiji kwa miaka mingi. Mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za kioo za enzi ya Warumi zilizochimbuliwa Mkukutu, Rufiji, pamoja na vyungu vya watu wa mwanzo wa zama za chuma. Shanga peke yake hazijengi mji. Lakini zinatosha kukuonyesha kwamba bidhaa za dunia ile zilifika mpaka kwenye vilima hivi ambavyo leo tunavipita kwa basi kuelekea Lindi bila hata kugeuza shingo.

Na biashara ya kuingia kwenye delta haikuisha. Mwaka 1939 baharia na mwandishi kutoka Australia, Alan Villiers, aliingia kwenye mito ya delta hii akiwa ndani ya jahazi la Wakuwaiti lililokuja kupakia boriti za mikoko. Karibu miaka 1,900 baada ya Periplus, bado vyombo vya Uarabuni vinakuja na kaskazi na kuondoka na kusi.

Sasa kwenye mvinyo wenyewe. Mwandishi wa Periplus anaorodhesha bidhaa zilizoletwa Azania: mikuki iliyotengenezwa Muza (bandari ya Yemen, karibu na Mocha ya leo), mashoka, visu, sindano za kutobolea ngozi, vitu vya kioo. Hivyo ni vya kuuza. Vilivyotoka huku ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya kasa. Halafu anaongeza kwamba katika baadhi ya sehemu za pwani hiyo walipeleka pia mvinyo na ngano, lakini siyo kwa biashara. Ilikuwa ni gharama ya kujipatia urafiki wa wenyeji.

Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza niliipita. Nilikuja kurudi nayo baada ya kusikiliza wale watengenezaji mvinyo wakilalamika jinsi joto linavyouharibu mvinyo ndani ya kontena, tena siku hizi, kwenye meli za injini. Hebu fikiria mtungi wa udongo uliopakwa utomvu wa miti kwa ndani, umetoka Misri au Yemen (kitabu chenyewe kinasema watu wa upande wa Muza walikuwa na mvinyo wao mwingi), umekaa kwenye ngama ya chombo, jua la Bahari ya Hindi juu, miezi kwa miezi. Kwenda Azania na kurudi Misri kulichukua zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu ya kusubiri pepo. Kinywaji kilichofika huku, kama kilikuwa hakijawa siki, basi kilikuwa njiani kuelekea huko.

Bandari ya Barygaza, India, yule yule mwandishi anatuambia mvinyo ulikuwa bidhaa ya biashara, na wa Italia ndio uliopendwa zaidi. Kule watu walichagua na kulipia. Huku kwetu ulitolewa bure. Najiuliza, ulitolewa bure kwa sababu ya ukarimu, au kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kutoa pembe ya ndovu kwa ajili ya kinywaji kile? Mtu mwenye kinywaji chake nyumbani, kibichi, cha asubuhi ile ile, kwa nini anunue kilichochoka safarini?

Hilo ni swali langu, siyo la Periplus. Mwandishi yule hakuuliza. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Anatuambia kwamba mawakala wa Kiarabu waliotumwa na watu wa Muza walikuwa wameoa huku, wanaijua pwani yote na wanaijua lugha. Kwa hiyo mkalimani alikuwepo. Mtu wa kuulizwa alikuwepo. Lakini kwenye kitabu kizima hakuna neno moja kutoka kinywani mwa mtu wa Rhapta juu ya mvinyo ule. Hatujaachiwa hata jina walilouita. Neno letu "mvinyo" limetoka kwa Wareno, vinho, waliofika miaka zaidi ya 1,400 baadaye. "Divai" ni Kifaransa. Jina la kinywaji walichokunywa watu wa Rhapta kutoka kwenye mitungi ile limepotea pamoja na waliolitamka. Tulichobakiwa nacho ni daftari la aliyeleta, na kwenye daftari mvinyo umeandikwa chini ya gharama.

Kama ingekuwa habari ya karne ya kwanza tu, ningesema yameisha. Lakini angalia inavyojirudia. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya mikataba kwa ajili ya kampuni yake ya Kijerumani. Yeye mwenyewe ameandika jinsi alivyokuwa akianza na kinywaji, mpaka mwenyeji wake achangamke, halafu ndipo karatasi inatolewa. Karatasi yenyewe imeandikwa Kijerumani. Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akaipa kampuni hiyo hati ya ulinzi, na nchi ikawa imekwenda. Tunajua kilichokuwa kwenye glasi, tunajua kilichokuwa kwenye karatasi, na tunavijua vyote viwili kutoka kwa Peters.

Na sisi wenyewe je? Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura "kwa nia njema". Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, baada ya mashirika ya haki za binadamu kwenda mahakamani. Waliovitetea walisema ukarimu ni mila ya Mwafrika. Sawa, ni mila. Lakini mila ya ukarimu ninayoijua mimi ni ya mwenyeji kumkirimu mgeni. Mgeni anayekuja na mtungi kumkirimu mwenyeji ndani ya nyumba ya mwenyeji, huyo ana shida yake, na wafanyabiashara wa Periplus walikuwa wakweli kiasi cha kuiandika kwenye hesabu zao.

Tutajuaje upande wa pili ulisemaje? Jibu moja lilitolewa zamani, tena maeneo haya haya.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Umatumbi, kusini tu mwa Rufiji. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kwa miaka mingi vita hivyo vilielezwa kwa ripoti za maofisa wa Kijerumani, kwamba ni ushirikina na uchawi wa watu wa porini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafanya jambo ambalo lilionekana dogo. Kikawatuma wanafunzi kwenda vijijini, wengi makwao, kukaa na wazee waliokuwa hai bado na kuwauliza. Mwalimu wao alikuwa John Iliffe, na Gilbert Gwassa naye alikuwa akikusanya simulizi za Umatumbi na Rufiji kwa ajili ya utafiti wake. Wazee wakaongea. Wakaeleza mashamba ya pamba ya lazima, viboko vya maakida, jinsi habari za Ngarambe zilivyosafiri kwa siri kutoka kijiji hadi kijiji. Historia ya Maji Maji tuliyosoma shuleni, ile yenye sababu na siyo uchawi tu, kwa sehemu kubwa imetoka kwenye vikao vile.

Angalia tarehe. Mzee aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1905 alikuwa na miaka themanini na tatu mwaka 1968. Wangechelewa miaka kumi tu wangekuta makaburi.

Ndiyo maana nilipokwenda Kibiti niliamua kufanya kama Levi Dalton. Nilikuwa na simu, na mchana mzima wa kupoteza. Nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mgema wa tembo ujanani mwake, upande wa delta. Jina lake silitaji kwa sababu aliniomba. Sasa ni mtu wa msikitini, na wajukuu zake wengine hawajui kama babu aliwahi kuishika kotama. Nilimwamkia, akaniita mwanangu, akaniuliza mara mbili kama kweli nimetoka Dar es Salaam kuja kuuliza habari za tembo. Nusu saa ya kwanza alinijibu kwa mkato. Pombe ni dhambi, ile ilikuwa ujinga wa ujana, andika hivyo. Nikaandika hivyo. Halafu nikamuuliza kotama yake ilinolewa vipi.

Tukaondoka pale jua likiwa linazama.

Alinieleza kwamba karara la mnazi linagemwa kabla halijapasuka. Unalifunga lisifunguke, unaligonga taratibu kwa siku kadhaa mpaka lilainike, ndipo unalikata ncha na kufunga kibuyu. Baada ya hapo unapanda asubuhi na jioni, kila siku, na kila ukipanda unakata kipande chembamba kama ganda la kitunguu ili jeraha lisifunge. Ukikata kinene umelimaliza karara kabla ya wakati. Ukisahau siku mbili, limekauka. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye mnazi na mgema lazima wapatane kwanza: mingapi ya tembo, mingapi ya nazi, na nani anachukua siku ipi.

Nikamuuliza juu ya kibuyu. Akasema hapo ndipo mgema anapojulikana. Ukitaka tembo tamu, unakisugua kibuyu kila unaposhuka. Ukitaka kali, unaacha masalia kidogo ya jana, nayo yanaanza kazi kabla hata hujafika chini. Jamani, nilicheka peke yangu. Nimewasikiliza Wafaransa na Waitalia wakibishana kwa saa nzima kama hamira itoke kwenye pakiti au iachwe ile ya asili iliyokaa ndani ya pipa. Mzee yule hajawahi kusikia hata jina la mmoja wao, na jibu lake alikuwa nalo tangu akiwa kijana.

Nikamuuliza kuhusu ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akanyamaza kidogo, akasema anayelitia maji ni muuzaji, siyo mgema, na methali ilitungwa na wanywaji. Nikamwambia Wagiriki na Warumi walikuwa wakitia maji kwenye mvinyo wao makusudi, na aliyekunywa bila maji alionekana mshamba. Akasema basi hao walikuwa na mvinyo mbaya.

Huenda alikuwa sahihi kuliko alivyodhani!

Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya vinywaji hivi viwili. Tembo likiteremshwa asubuhi ni tamu, mchana linatoa povu, jioni ni kali, kesho yake ni siki. Halisubiri meli wala halivuki bahari. Mvinyo unaweza kusafiri, hata kwa taabu, na kwa sababu unasafiri unapitia kwa makarani, wenye meli, watoza ushuru na waandishi wa miongozo. Kila mmoja anaandika mstari wake. Tembo linatoka kileleni mwa mnazi mpaka kwenye kata ya mnywaji, basi. Hakuna karani katikati. Elimu yake yote imo kichwani mwa mtu anayepanda, na wapandaji wanazeeka.

Sisemi haya kuwashawishi watu wanywe. Kibiti na delta ni nchi ya Waislamu wengi, na mzee wangu amefanya uamuzi wake ninaouheshimu. Wala siwalaumu wajukuu kwa kutopanda minazi, kazi ile imeua watu wengi kwa kuanguka. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuiacha kazi bila elimu yake kufutika. Ndani ya kazi hiyo kuna mikataba ya ardhi na miti, kuna hesabu za misimu, kuna mahusiano ya wenye mashamba na wageni waliokuja kugema, kuna ugomvi wa dini na riziki ndani ya familia moja. Hiyo ni historia ya delta, na haimo kwenye jalada lolote la Wajerumani wala la Waingereza kwa jinsi anavyoieleza aliyeifanya.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana mamia ya saa za sauti za watu wanaotengeneza mvinyo. Mjukuu wa mkulima wa Piemonte akitaka kujua babu yake aliwaza nini mwaka wa mvua ya mawe, anaweza kubonyeza na kusikiliza. Mjukuu wa mzee wangu wa Kibiti, kwa sasa, ana faili moja la saa nne kwenye simu yangu, na nakala niliyoiweka pembeni kwa ajili yake siku babu atakaporidhia.

Kwa hiyo wewe uliyezaliwa Nyamisati, Mbuchi, Salale, Kiongoroni, au ambaye bibi yako anatoka huko na wewe unamwona sikukuu hadi sikukuu, simu unayo mkononi. Likizo ijayo kaa naye. Siyo lazima iwe tembo. Muulize juu ya boriti za mikoko na majahazi yaliyokuja kuzibeba, juu ya mpunga wa mafuriko, juu ya ngalawa. Usianze na maswali makubwa ya historia. Anza na kisu kilinolewa vipi, halafu nyamaza, usimkatize.